Mwalimu anasema umesimulia tu

Mwanangu, umeuliza kwa nini mwalimu wa Kiingereza amekurudishia insha yako kuhusu Things Fall Apart, riwaya ya Chinua Achebe ya mwaka 1958, akisema umesimulia tu. Hadithi yeye anaijua; anachotafuta ni mahali ilipokugusa. Shika tukio moja: Ikemefuna, kijana aliyezoea kumwita Okonkwo, mhusika mkuu, baba, anamkimbilia baada ya pigo la kwanza kutoka kwa mtu mwingine, naye Okonkwo anammaliza kwa panga lake mwenyewe kwa kuogopa kuonekana dhaifu. Hofu hiyo inastahili aya nzima. Nukuu sentensi yenyewe, kisha ueleze ulihisi nini na ni neno gani lililokufanya uhisi hivyo, hata kama ulimhurumia muuaji, kama nilivyomhurumia mimi.