Tubu ya maji ikiwaka

Wadogo zangu mnaoanza staji ya labo likizo hii hapa Bukavu, nina jambo moja la kuwaambia: ile tubu ya maji msiifiche.

Kila mnapofanya PCR, yaani kuzidisha DNA kwa mashine, kuna tubu moja mnayoitilia kila kitu, ila mahali pa DNA mnatia maji matupu. Kwenye jeli, ile tunayopitishia DNA ili ionekane chini ya taa, njia yake inatakiwa kubaki nyeusi; ikiwaka, DNA ya kwingine imeingia. Kiangazi cha staji yangu nilikuwa natafuta bakteria ya mnyauko katika majani ya migomba kutoka Kabare. Siku ya tisa nikaweka jeli juu ya taa ya urujuanimno: sampuli zinawaka, na maji nayo yanawaka. Utepe mwembamba, usawa uleule na zile nyingine. Niliutazama mpaka macho yakaniuma. Kisha nikapiga picha ya upande mmoja tu, ule mzuri, kwa hofu ya kuonekana sijui kazi. Nikaendelea hivyo siku kumi na mbili. Msimamizi alipoomba picha nzima, kazi yote ikatupwa, na majani mengine yalikuwa yamekwisha. Mama aliyetukatia yale majani shambani kwake alikuwa bado anangoja jibu.

PCR huzidisha DNA mara mbili kila mzunguko. Kwa mizunguko 30, nakala moja yaweza kuzaa zaidi ya bilioni 1. Tone usiloliona, lililoruka ulipofungua tubu ya jana, linatosha kuharibu ya leo. Kwa hiyo tubu iliyokwisha kupita mashineni usiifungue kwenye meza unapoandalia mchanganyiko. Koti la chumba cha jeli libaki hukohuko. Meza ifute kwa javeli, ile dawa ya klorini. Alkoholi inaua vijidudu lakini DNA yao inabaki. Maji na praima (vipande vifupi vya DNA vinavyoanzisha kunakili) vigawe katika tubu ndogondogo, ili moja ikichafuka utupe hiyo tu.

Umeme ukikatika mashine ikiwa katikati, andika saa daftarini palepale, uanze upya.

Na maji yakiwaka, mwite msimamizi jeli ikiwa bado juu ya taa. Wangu hakunifokea hata kidogo. Aliniuliza tubu za juzi nilizifungulia wapi, nikamwonyesha, akachukua kitambaa na javeli tukaanza kufuta.