Kabla Hujapasua Mbao za Sataranji

Ubao wangu wa kwanza wa sataranji niliutengeneza kwa mvule na mninga. Siku niliyopaka vanishi ulipendeza kweli: mvule wa njano kama ndizi mbivu, mninga wa kahawia iliyoiva. Mteja akauweka sebuleni, karibu na dirisha. Miezi ikapita, akaniita nikauone. Mvule ulikuwa umekolea hadi kuwa kahawia, na miraba yote 64 ilikaribia kuwa ya rangi moja. Jioni ile tulisogeza taa mezani ndipo tukajua askofu amesimama kwenye mraba mweupe au mweusi.

Kosa lilikuwa langu. Ndiyo tabia ya mvule: ukitoka kwenye msumeno ni wa njano, ukikaa kwenye mwanga unakolea. Mfenesi nao ni hivyohivyo. Kwa hiyo wewe unayeanza, usichague mbao kwa rangi ya siku ya kupasua. Chukua vipande vya kila mti unaoutaka, vipige randa, paka mafuta au vanishi utakayotumia, kisha funika nusu ya kila kipande kwa kadibodi na uviache juani wiki tatu au nne. Ukiwa dukani na huna muda huo, lowesha kidole upake kwenye mbao. Rangi ya pale palipolowa ndiyo iliyo karibu na rangi utakayoipata baada ya vanishi, siyo ile ya vumbi unayoiona rafuni.

Sasa mpingo. Nafahamu kwamba kila anayesikia "kete nyeusi" anawaza mpingo, na hakosei. Ni mzito hata unazama majini, unakerezeka vizuri, na ukiusugua unang'aa bila vanishi. Lakini usiutumie kwenye kete na kwenye miraba kwa pamoja! Farasi wa mpingo akisimama juu ya mraba wa mpingo anapotea. Unabaki kukisia alipo. Sataranji inahitaji rangi nne, siyo mbili: miraba miwili tofauti, na kete ambazo hazimezwi na mraba wowote. Mimi nimetulia na mninga na jakaranda kwa ubao, mpingo na mchungwa kwa kete. Jakaranda ni nyeupe ya krimu na hukolea kidogo tu. Mchungwa ni wa njano hafifu, mgumu, nyuzi zake zimeshikana, hata taji la malkia halimeguki ovyo. Shina lake ni jembamba, halitoi mbao za ubao, ila kwa kete linatosha. Ukiwa Tanga, waulize wakulima wa Muheza wanaong'oa michungwa iliyochoka. Magogo yaanike kivulini. Jua kali litayapasua.

Kwa mpingo huhitaji kununua gogo. Shirikisho la sataranji la dunia, FIDE, linapendekeza mfalme wa kama sentimita 9.5 na askari wa sentimita 5, hivyo masalia ya wachongaji, kama wale wa Mwenge, Dar es Salaam, yanakutosha. Uliza yametoka wapi na yana karatasi gani. Tangu mwaka 2017 jamii yote ya mpingo imo kwenye orodha ya CITES, mkataba wa kimataifa unaosimamia biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, na mteja wa nje anaweza kukuuliza. Ncha za vipande zipake nta mara moja, kwa sababu mpingo hukauka polepole mno na hupasukia nchani. Usishawishike kuchonga kete nyeupe kwa ule weupe wa nje karibu na gome: ni mwembamba, na wadudu wanaupenda.

Jambo linaloharibu kazi nyingi ni vumbi. Ukishagundisha mninga na jakaranda ukaanza kupiga msasa, unga mwekundu wa mninga unaingia kwenye vinyweleo vya jakaranda, na weupe wako unakuwa kama shati jeupe lililofuliwa na kanga mpya. Haufutiki. Sawazisha kwa randa yenye makali mazuri, kisha kwarua kwa kipande cha kioo kilichovunjika, ukikivuta kufuata nyuzi hadi kitoe maganda membamba badala ya unga. Paka mkono mmoja mwepesi wa vanishi, uache ukauke, ndipo upitishe msasa laini kabisa. Na vaa barakoa. Vumbi la mpingo na la mninga linawasha pua na kifua, na wengine huanza kuumwa baada ya miaka ya kuzoea.

Usioanishe mbao laini mno na ngumu mno kwenye ubao mmoja. Nilijaribu paini na mkongo. Randa ilikuwa inachimba paini na kuruka mkongo, nikaishia na ubao wenye mawimbi. Zote ziwe zimekauka sawasawa, nyuzi zielekee upande mmoja, na fremu ya pembeni usiigundishe kwa kubana pande zote, maana mbao hutanuka masika na kusinyaa kiangazi.

Vipande vyangu vya majaribio bado vipo dirishani. Kila kimoja nimekiandika kwa nyuma jina la mti, tarehe na mafuta niliyopaka. Cha mvule kina mstari katikati, pale kadibodi ilipoishia, na kila kijana anayekuja kujifunza kwangu namshikisha hicho kwanza.