Mzigo Ukizuiwa Mpakani, Usikimbilie Geneva

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba gari lake la mahindi, tani 28, limezuiwa Namanga, mpakani mwa Tanzania na Kenya, kwa madai ya sumukuvu (aflatoksini, sumu ya ukungu wa nafaka), na anaomba nimweleze taratibu za kuishtaki Kenya kwenye Shirika la Biashara Duniani, WTO, lenye makao Geneva. Namjibu hadharani kwa sababu si yeye peke yake anayeuliza. Wengi wetu tunaouza nje tunaamini mkubwa ndiye mwenye haki zaidi, kwa hiyo tunaruka mlango wa karibu na kwenda kugonga wa mbali.

WTO huwezi kwenda. Kesi za pale hufunguliwa na serikali dhidi ya serikali. Mfanyabiashara, hata awe na viwanda kumi, anachoweza ni kuiomba wizara yake ibebe jambo lake. Na tangu shirika hilo lianze mwaka 1995, hakuna nchi ya Jumuiya ya Afrika Mashariki iliyowahi kufungua kesi pale ikiwa mlalamikaji. Jumuiya yenyewe si mwanachama, tofauti na Umoja wa Ulaya wenye kiti chake. Kenya, Tanzania, Uganda, Burundi, Rwanda na Kongo zimo kila moja kivyake. Sudan Kusini na Somalia bado zinajadiliana kuingia. Hata serikali ikikubali kukubebea shauri, Chombo cha Rufaa cha WTO kimekwama tangu Desemba 2019 baada ya Marekani kuzuia uteuzi wa majaji wapya. Aliyeshindwa anaweza kukata rufaa ambayo hakuna wa kuisikiliza, na hukumu ikalala hapo hapo.

Wapo wanaosema basi Jumuiya izungumze kwa sauti moja huko nje. Natamani ingekuwa hivyo. Mwaka 2016 wakuu wa nchi waliamua mitumba iondolewe hatua kwa hatua ili viwanda vyetu vya nguo vipumue. Mwaka uliofuata wauzaji wa mitumba wa Marekani wakalalamika kwa serikali yao, nafuu za AGOA, mpango wa Marekani wa kupokea bidhaa za Afrika bila ushuru, zikawekwa rehani, na Kenya, Tanzania na Uganda zikarudi nyuma. Rwanda ilibaki peke yake na ushuru wake wa dola 2.50 kwa kilo, na Julai 2018 ikasimamishiwa nafuu ya AGOA kwa nguo. Mkataba wa EPA, yaani wa ubia wa kiuchumi, na Ulaya ulikwenda njia hiyo hiyo: mazungumzo yalikamilika Oktoba 2014 kwa jina la Jumuiya nzima, Kenya na Rwanda zikasaini 2016, wengine wakagoma, na mwisho Kenya ikasaini wa kwake Desemba 2023, ulioanza kutumika 1 Julai 2024. Inauma kuona tunavunjika vipande kila tunapobanwa.

Ndani ya mipaka yetu, hata hivyo, Jumuiya imempa mfanyabiashara kitu ambacho WTO haijawahi kumpa. Ibara ya 30 ya Mkataba wa Jumuiya inamruhusu mtu yeyote mkazi wa nchi mwanachama, au kampuni, kupeleka serikali mbele ya Mahakama ya Afrika Mashariki, Arusha, kama sheria, agizo, uamuzi au kitendo chake kinakiuka Mkataba. Huhitaji wizara ikusemee. Tatizo ni kwamba haki hiyo ina tarehe ya mwisho, na wengi hufika imeshapita.

Kwa hiyo kazi inaanza siku gari linaposimama. Dai sababu kwa maandishi: ofisi gani imezuia, kwa sheria au kiwango gani, sampuli ilichukuliwa lini, na matokeo yalisemaje kwa tarakimu. Ofisa akikuambia kwa mdomo tu, muandikie wewe barua au baruapepe siku hiyo hiyo: "Leo tarehe fulani, saa fulani, nimeelezwa na ofisi yako kwamba..." Peleka, omba mhuri wa kupokelewa, piga picha nakala. Wakala wako wa forodha atakwambia usiwaudhi. Andika. Bila karatasi hiyo hakuna "uamuzi" wa kupinga popote, na kila utakayemlalamikia ataanza kwa kukuuliza ulizuiwa lini na nani.

Kwa mahindi, kiwango cha Jumuiya ni EAS 2: unyevu usizidi asilimia 13.5, sumukuvu yote kwa jumla isizidi sehemu 10 kwa bilioni, na ile aina ya B1 isizidi 5. Kenya ilipofunga mpaka kwa mahindi ya Tanzania na Uganda tarehe 5 Machi 2021, kisha ikafungua siku chache baadaye, masharti iliyotoa yalikuwa hayo hayo ya sehemu 10 pamoja na usajili wa waagizaji na cheti cha uasilia kinachotaja wilaya mahindi yalikotoka. Ugomvi mwingi hapa ni wa sampuli. Sumukuvu haikai sawasawa ndani ya mzigo. Inakaa kwa mafungu, gunia moja chafu na jirani yake safi. Ukipiga bambo, kile chuma cha kuchotea sampuli, kwenye magunia matatu ya juu, maabara ya Arusha itakupa 4 na ya mpakani itakupa 18, na zote mbili zitakuwa zimesema kweli. Kabla ya kupakia, piga bambo magunia mengi ya juu, ya kati na ya chini, changanya, saga yote pamoja, kisha gawa sehemu tatu zilizofungwa kwa lakiri: moja ya maabara, moja ya mamlaka, moja ubaki nayo. Ile ya tatu ndiyo itakayokuokoa mkibishana.

Wenye bidhaa za viwandani hukwama pengine: kwenye uasilia, yaani kuthibitisha kwamba bidhaa ni ya Jumuiya na inastahili kuingia bila ushuru. Kwa bidhaa nyingi Kanuni za Uasilia za mwaka 2015 zinataka malighafi za kutoka nje ya Jumuiya zisizidi asilimia 70 ya bei ya bidhaa ikiwa mlangoni mwa kiwanda, ila angalia sura ya bidhaa yako kwenye jedwali kwa sababu baadhi zina masharti ya pekee. Chukua katoni ya sabuni inayouzwa 10,000 kiwandani. Mafuta ya mawese kutoka Asia 6,200, kemikali na manukato 500, vifungashio vya nje 300. Jumla 7,000, umepita kwa wembamba wa uzi. Shilingi ikishuka kidogo na mafuta yakafika 6,500, uko kwenye asilimia 73, na sabuni yako haina tena haki ya kuingia bila ushuru ingawa hukubadilisha chochote kiwandani. Ukinunua sehemu ya mawese yale Kalangala, Uganda, hesabu inageuka, kwani malighafi ya nchi mwanachama huhesabiwa kuwa ya kwako. Piga hesabu hii upya kila unaponunua shehena ya malighafi, na weka ankara zake kwenye faili moja na cheti cha uasilia.

Mzigo mdogo usiozidi dola 2,000, ukiwa kwenye orodha ya bidhaa zilizokubaliwa, una Cheti cha Uasilia Kilichorahisishwa kinachotolewa mpakani. Kinaondoa ushuru wa forodha tu. Hakiondoi cheti cha afya ya mimea, wala cha mifugo. Na usiende Kenya na cheti cha SADC, jumuiya ya nchi za Kusini mwa Afrika. Kenya haimo SADC.

Afisa akitilia shaka cheti, omba mzigo uachiwe kwa dhamana ya ushuru unaobishaniwa wakati nchi ulikotoka ikiulizwa. Shaka ya uasilia peke yake si sababu ya kukaa na bidhaa zako mpaka zioze. Omba hilo kwa barua.

Sasa kuna saa mbili za kuhesabu muda wako, zinazotembea kwa pamoja, na hapa naomba usome polepole. Saa ya kwanza ni ya Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Afrika Mashariki ya 2004, kifungu cha 229. Hujaridhika na uamuzi wa kiforodha? Una siku 30 kumwandikia Kamishna wa Forodha ukitaja hoja zako. Naye ana siku 30 kukujibu kwa maandishi na kwa sababu. Akinyamaza, sheria inahesabu kwamba amekubali ombi lako. Akikataa, kifungu cha 230 kinakupa siku 45 kwenda baraza la rufani za kodi la nchi hiyo. Saa ya pili ni ya Ibara ya 30: miezi miwili tangu kitendo kifanyike, au tangu ulipokijua. Haisimami kwa sababu unasubiri majibu.

Weka kwenye kalenda. Ushuru umetozwa 3 Machi. Ukitumia siku zako zote, barua inafika kwa Kamishna 2 Aprili. Naye akitumia zake zote, anakujibu 2 Mei. Miezi miwili ya Arusha inaisha 3 Mei. Una siku moja ya kutafuta wakili, kuandaa shauri na hati ya kiapo. Haiwezekani, na ndivyo watu wenye haki kabisa wanavyopoteza. Andika kwa Kamishna ndani ya wiki ya kwanza.

Usitegemee huruma ya kuongezewa muda. Katika Rufaa Na. 1 ya 2011, Mwanasheria Mkuu wa Kenya dhidi ya Independent Medical Legal Unit, Divisheni ya Rufaa ilisema Mahakama haina mamlaka ya kuurefusha, na hoja kwamba ukiukaji bado unaendelea haiurudishi nyuma. Usimshtaki asiyehusika, vilevile. Modern Holdings iliishtaki Mamlaka ya Bandari ya Kenya mwaka 2008 kwa mzigo ulioharibika Mombasa wakati wa vurugu za uchaguzi, ikaambiwa Mahakama haina mamlaka juu ya bandari. Mshtakiwa ni serikali, kupitia Mwanasheria Mkuu wake. Huna haja ya kumaliza mahakama za nyumbani kwanza, huna haja ya kwenda mpaka Arusha kufungua shauri kwani kuna masjala ndogo kwenye miji kama Dar es Salaam, Nairobi na Kampala, na kama mali inaharibika unaomba amri ya muda chini ya Ibara ya 39.

Mahakama hii haipigi hesabu ya ushuru wako. Inaangalia kama hatua ya serikali inakiuka Mkataba. Uganda mwaka 2017 ilipoweka ushuru wa juu kwa sigara zinazoingia, zikiwemo zilizotengenezwa Kenya, kuliko zile za ndani, British American Tobacco Uganda ilikwenda na hoja moja: ubaguzi wa bidhaa za nchi mwanachama. Ikashinda mwaka 2019. Hoja moja iliyonyooka inashinda malalamiko kumi.

Wakati huo huo, toa taarifa ya kikwazo kisicho cha kiforodha, yaani kizuizi cha biashara ambacho si ushuru, kwenye tradebarriers.org na kwa kamati ya kitaifa iliyo wizara inayohusika na biashara. Sheria ya Jumuiya ya 2017 ya kuondoa vikwazo hivyo inazitaka nchi zikae zimalize. Taarifa isemayo "wanatusumbua Namanga" haiendi popote. Taja msimbo wa bidhaa, kituo, tarehe, ofisi, sheria iliyotajwa, gharama kwa siku ya maegesho, na uambatishe ile barua yenye mhuri.

Kuna mahali pamoja ambapo sheria za dunia zinakugusa moja kwa moja. Wanachama wa WTO hutangaza viwango vipya kabla havijaanza, na kwa kawaida hutoa siku 60 za maoni. Rasimu za viwango vya Afrika Mashariki hupita humo pia. Jiandikishe bure kwenye ePing, tovuti inayotoa arifa hizo, chagua bidhaa zako na nchi unazouzia, na utapata baruapepe rasimu ikitoka. Kila mwisho wa Juni soma pia Gazeti la Jumuiya, maana humo ndimo nchi hupewa ruhusa ya kutotumia ushuru wa pamoja wa Jumuiya kwa bidhaa za kutoka nje au kuingiza malighafi kwa nafuu kuanzia 1 Julai. Kwa kawaida bidhaa iliyotengenezwa kwa malighafi ya nafuu hutozwa ushuru kamili ikiuzwa nchi jirani. Pipi na chokoleti za Kenya ziliwekewa asilimia 25 Tanzania na Uganda mwaka 2018 katika mvutano wa namna hiyo, kwa madai ya sukari ya viwandani. Kama kiwanda chako kinachukua nafuu hiyo kwa bidhaa za ndani, tenga mstari wa uzalishaji wa nchi jirani kwa malighafi iliyolipiwa ushuru, na uweke daftari lake peke yake.