Kabla ya Kumwongezea Mtoto Tuisheni, Mwongezee Usingizi

Mzazi akiona alama za mwanawe zimeshuka, cha kwanza anachoniuliza ni tuisheni: wapi wanafundisha vizuri, na ni shilingi ngapi kwa mwezi. Nafundisha madarasa ya chini hapa Dar es Salaam, na kabla sijamjibu huwa nataka kujua mtoto analala saa ngapi.

Wengi husema saa nne usiku, tamthilia ikiisha. Saa kumi alfajiri anaamshwa, maana basi la shule linampitia saa kumi na moja. Hapo amelala saa sita tu. Mtoto wa miaka 6 hadi 12 anahitaji saa 9 hadi 12 za usingizi. Kwa wa miaka 3 na 4, Shirika la Afya Duniani linashauri saa 10 hadi 13, ukijumlisha na usingizi wa mchana.

Mtoto akilala, ubongo wake unaendelea na kazi: unayapitia aliyojifunza mchana na kuyahifadhi. Ukimpunguzia usingizi, herufi za jana hazishiki. Na usidhani mtoto mwenye usingizi lazima asinzie. Wengi wao ndio hao wasiotulia, wanaosukumana na kulia kwa jambo dogo, kisha wanaitwa wakorofi na kuadhibiwa. Inaniuma sana, kwa sababu walichokosa ni kulala.

Kwangu televisheni inazimwa saa mbili, begi na sare vinaandaliwa jioni, na simu haiingii chumbani kwa watoto, kwa kuwa mwanga wake unauchelewesha usingizi. Siku za mwanzo walinung'unika, sasa wamezoea. Kuhusu basi, wazazi wa mtaa mmoja nendeni pamoja shuleni mkaombe njia ipangwe upya, ili wa chekechea wasiwe wa kwanza kuchukuliwa.

Tuangalie na chai ya asubuhi. Majani ya chai huzuia mwili kufyonza madini ya chuma yaliyo kwenye chakula, na mtoto aliyepungukiwa chuma huchoka upesi na kushindwa kuzingatia somo. Mpe uji badala ya chai. Mchana, mchicha au maharage yakamulie ndimu, inasaidia chuma kufyonzwa. Dagaa nao ni wazuri, na bei yake tunaimudu.

Halafu zungumza naye. Afikapo miaka 5, ubongo wake umeshakaribia asilimia 90 ya ukubwa wa ubongo wa mtu mzima, na maneno anayoyasikia nyumbani ni sehemu ya kinachoujenga. Unapika? Mwache ahesabu vitunguu, mtegee kitendawili, muulize leo walicheza nini. Tumia lugha unayoimiliki, iwe Kiswahili, Kihaya au Kinyakyusa. Baadhi ya wazazi wa shule za Kiingereza wanajilazimisha Kiingereza cha kuungaunga, mwishowe mazungumzo yanabaki amri tu: kula, oga, lala. Kiingereza atakipata shuleni.

Yafanyeni haya muhula mzima. Herufi zikiendelea kumchanganya, njoo na madaftari yake tukae tuyaangalie, na mpeleke akapimwe macho na masikio. Mtoto asiyeuona ubao vizuri, tuisheni haitamsaidia mpaka apate miwani.