Wasomaji Wanauliza: Titresheni Zisizokubaliana

Swali: Wahariri, salamu. Nasoma sayansi mwaka wa kwanza katika chuo kikuu cha umma. Napima 25 cm³ za asidi hidrokloriki kwa pipeti, kisha natitrisha, yaani naongeza sodiamu haidroksaidi kidogo kidogo hadi rangi ibadilike, kiashiria (kinachoonyesha mwisho kwa rangi) fenolftalini. Ukiacha jaribio la makadirio, nimepata 24.10, 24.75 na 23.90 cm³. Tunatakiwa vipimo visipishane zaidi ya 0.10. Je, sodiamu haidroksaidi yangu imeharibika?

Jibu: Hapana, au angalau si hilo linaloonekana hapa. Myeyusho ulioharibika hupotosha majaribio yote kwa kiasi kilekile na upande uleule. Namba zako zinapanda na kushuka, kwa hiyo tazama mikono na vyombo.

Tone moja la bureti, ule mrija wenye vipimo na koki, ni kama 0.05 cm³, hivyo pengo lako la 0.85 ni matone 17 hivi. Hata mwenye haraka hapitilizi rangi kwa kiasi hicho kila mara. Tunashuku kwanza kiputo cha hewa chini ya koki: kikitoka katikati ya kazi, nafasi yake inajazwa na bureti inasoma kana kwamba umetumia zaidi. Fungua koki kwa nguvu hadi ncha ijae, ndipo usome mwanzo. Toa na faneli. Matone yake yakidondoka baadaye, usomaji unapungua.

Kosa jingine ni la wasafi kupita kiasi: kusuuza chupa ya koni, ile inayopokea asidi uliyopima, kwa asidi. Bureti na pipeti husuuzwa kwa myeyusho utakaotiwa humo, lakini chupa ya koni ni maji yaliyokenekwa tu, hata ikibaki na unyevu. Asidi iliyosalia ukutani ni ya ziada ambayo hukuipima.

Pipeti usiipulize. Gusisha ncha ukutani mwa chupa, uache kile kinachobaki, kimeshahesabiwa.

Ukikaribia mwisho, tia tone moja moja, chupa ikiwa juu ya kigae cheupe. Waridi hafifu ikidumu sekunde 30, simama. Ikififia baadaye ni hewa ya ukaa inayoingia, usiongeze tone.

Swali: Je, nifute namba niliyokosea kwenye daftari la maabara?

Jibu: Usifute. Ikate kwa mstari mmoja ili isomeke bado, andika namba iliyo sahihi pembeni pamoja na sababu. Penseli iache nyumbani.