Filta ya sinthi inayolipuka ukiipandisha juu

Umeuliza kwa nini filta yako ya Chamberlin (muundo wa kidijitali wa kuchuja sauti ya sinthi) inatulia hadi karibu 7 kHz, halafu inalipuka, yaani sauti inakua bila kikomo, na mita kukwama kwenye nyekundu. Kodi yako haina kosa, ndugu. Muundo huo hutumia f = 2·sin(π·fc/fs), fc ikiwa masafa ya kukata na fs idadi ya sampuli kwa sekunde, na usalama wake huishia karibu na fs/6; kwa 44,100 Hz ni 7,350. Ajabu yake, hulipuka mapema zaidi resonansi (mkazo wa sauti karibu na fc) ikiwa ndogo. Unaweza kuukokotoa mara mbili kwa kila sampuli, lakini mimi ningeuacha kabisa.

Tumia muundo wa trapezoidi: g = tan(π·fc/fs), k = 1/Q (Q ni kiwango cha resonansi), a1 = 1/(1 + g·(g+k)), a2 = g·a1, a3 = g·a2. Kwa kila sampuli x (s1 na s2 ni kumbukumbu ya filta kutoka sampuli iliyopita):

v3 = x − s2
v1 = a1·s1 + a2·v3
v2 = s2 + a2·s1 + a3·v3
s1 = 2·v1 − s1
s2 = 2·v2 − s2

Sauti ya kutoa ni v2. Kushoto na kulia kila upande uwe na s1 na s2 zake, la sivyo stereo inavurugika. Zuia fc isivuke 0.49·fs, maana tan hukimbilia mbinguni kwenye nusu ya fs. k ikiwa 2 hakuna resonansi, ikifika 0.02 kilele ni kama 34 dB, kwa hiyo pitisha v2 kwenye tanh, fomula inayobana sauti isizidi 1.

Nobu, kile kitufe cha kuzungusha, iwe fc = 20·1000^n, n ikiwa nafasi yake kutoka 0 hadi 1. Ilainishe kwa milisekunde 20 hivi, bila hivyo utasikia mkwaruzo kama wa zipu. Mzigo wa prosesa ukipanda wakati wa ukimya, ni namba ndogo mno zilizobaki ndani ya s1 na s2: zigeuze sifuri.