Kabla hujaomba msaada, kata tatizo nusu

Msomaji mmoja kanitumia picha ya skrini, faili lake la Excel jumla haikubali, chini kaandika neno moja tu: msaada. Sikumpa jibu alilotaka na nadhani kaninunia, ila acha nieleze kwa nini.

Kazini kulikuwa na jamaa mmoja anajua kila kitu. Nikikwama namwita, anabonyeza mara mbili tatu, anaondoka, mimi nimebaki vile vile. Siku hiyo namwita akaniambia mbele ya watu, "hivi wewe bila mimi ungeweza hata kuwasha kompyuta?" Watu wakacheka. Mpaka leo inaniuma, sidanganyi.

Basi ikaja ripoti ya mwisho wa mwezi, mistari kama elfu moja, jumla haifanani na ya daftari. Nikasema leo simwiti mtu. Daftari lilikuwa na salio kila mstari, kwa hiyo nikaenda katikati, mstari wa 500, nikalinganisha jumla ya mpaka hapo na salio la daftari: ziko sawa. Maana yake kosa liko chini, huku juu nisipoteze muda. Nikaenda katikati ya ile nusu iliyobaki, nikalinganisha tena, nikakata tena. Ukikata elfu moja hivyo mara 10 tu unabaki na mstari mmoja, piga hesabu mwenyewe. Nikafika kwenye seli moja, yaani kisanduku kimoja, ambayo namba yake imeegemea kushoto wakati wenzake wote wako kulia. Excel usipoibadilisha mpangilio, namba inaziweka kulia, maandishi kushoto. Kumbe mtu kachapa herufi O badala ya sifuri, na SUM, ile fomula ya kujumlisha, ikikuta maandishi kwenye safu inayaruka kimya kimya, wala hailalamiki. Nilisimama nikapiga makofi peke yangu!

Kwa hiyo ndugu yangu, acha uvivu. Andika ulitegemea nini na umepata nini, tafuta ni wapi mambo bado yako sawa, badilisha kitu kimoja kimoja, maana ukibadilisha vitatu kwa pamoja hata ikikubali hujui kilichoponya ni kipi. Ukishindwa hapo uliza, hakuna aibu, ila useme umeshaangalia wapi. Na ukisaidiwa usiishie kusema asante, muulize amejuaje.

Yule jamaa siku hizi ananitumia mafaili yake nimwangalizie. Namsaidia vizuri tu, ila simjibu haraka.